Muuguzi wa saratani ni mtu wa kuambiwa mapema

Mgonjwa akitoka chumbani kwa daktari siku ya majibu, mara nyingi huwa amebaki na neno moja tu. Daktari ameeleza kwa dakika ishirini: aina ya uvimbe, hatua uliyofikia, kama utaanza upasuaji au zitaanza dawa, kipimo gani bado kinasubiriwa. Yote hayo yamempita. Lililobaki kichwani ni "saratani".

Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Naketi naye mahali patulivu, na kabla sijaeleza lolote namuuliza, "Daktari amekuambia nini?" Jibu lake linanionyesha pa kuanzia. Yuko aliyesikia kwamba anakatwa titi kesho, na haikusemwa hivyo. Yuko aliyesikia kwamba ni kivimbe kidogo tu kitakachoyeyuka kwa vidonge. Mwingine hunyamaza kwa muda mrefu, kisha anauliza kama nywele zitaota tena. Basi tunaanza na nywele. Namwambia kwamba si kila dawa ya saratani inanyonyoa nywele, kwamba zile zinazonyonyoa kwa kawaida huanza wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, na kwamba karibu kila mara nywele huota tena matibabu yakiisha. Akishapata jibu la alichouliza, masikio yake hufunguka kwa mengine.

Watu wengi wanamfahamu muuguzi kama mtu wa sindano na dripu. Muuguzi bingwa wa saratani amesomea uuguzi wa jumla kwanza, kisha akaongeza mafunzo juu ya ugonjwa huu wenyewe: dawa zake na madhara yake, mionzi, vidonda, maumivu, na namna ya kuzungumza na mtu aliyepewa habari nzito. Baadhi yetu tunashughulika na matiti peke yake, baadhi na watoto, baadhi na wagonjwa wanaotumia mfuko wa choo tumboni baada ya kukatwa utumbo, baadhi na tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa katika hatua yoyote ya ugonjwa. Vyeo vinatofautiana toka nchi hadi nchi. Kinachofanana ni kwamba madaktari kadhaa watapita mbele ya mgonjwa, wa upasuaji, wa dawa, wa mionzi, lakini muuguzi ndiye anayebaki naye toka mwanzo na kujua nani alisema nini.

Tuseme ni siku ya kemo, kama wengi wanavyoziita dawa za saratani zinazopitia mshipani. Kabla ya chupa kutundikwa, wauguzi wawili wanakagua kila mmoja kwa macho yake: jina na tarehe ya kuzaliwa, majibu ya damu ya karibuni, urefu na uzito, kwa sababu dozi nyingi hukokotolewa kwa ukubwa wa mwili, halafu dawa yenyewe na muda wake wa kuingia. Mgonjwa akiulizwa jina lake kwa mara ya tatu asidhani tumemsahau. Baadaye natafuta mshipa, naweka kanula, yaani kijibomba chembamba cha kupitishia dawa, navuta kidogo nione damu inarudi, ndipo dawa inaanza. Zipo dawa, mfano doxorubicin ambayo ni nyekundu kama sharubati, zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama ya chini ya ngozi, na jeraha lake huchukua miezi kupona. Ndiyo maana nasimama pale nikitazama mkono. Na ndiyo maana namwomba mgonjwa: ukisikia moto, ukisikia panabana, panavimba, sema papo hapo, hata kama nimeondoka sasa hivi. Sitaki uvumilivu kwenye kiti kile. Nikiambiwa mapema nasimamisha dripu, navuta iliyokwisha kuingia, na madhara yanakuwa madogo au hayapo kabisa.

Uvumilivu ndio unaonipa taabu kuliko vyote. Tumelelewa kuusifu, na katika mambo mengi unastahili sifa, ila kwenye matibabu ya saratani unaweza kuua.

Chukua homa. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, umejaa seli za namna hiyo. Kwa dawa nyingi, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo maambukizi yanaweza kuenea mwilini bila dalili tulizozoea: hapana usaha, hapana uvimbe, wala wekundu, kwa kuwa seli zinazofanya hayo hazipo za kutosha. Dalili inaweza kuwa joto tu. Kwa hiyo kila anayeanza kemo ninamfundisha kutumia kipimajoto, na namwambia namba moja ya kukumbuka: nyuzi 38 za Selsiasi. Joto likifika 38, ni dharura, hata kama ni usiku wa manane na hata kama anajiona mzima. Asimeze dawa ya kushusha homa kisha akalala, maana homa itashuka na vijidudu vitaendelea. Apige simu, aende hospitali, na akifika mlangoni aseme maneno haya kwanza: "Niko kwenye kemo na nina homa." Antibiotiki inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja.

Nimewahi kumpokea mtu alfajiri ambaye joto lilipanda toka jioni ya juzi yake. Mke wake alitaka kupiga simu, yeye akamzuia: "Tusiwasumbue watu usiku." Alipona, lakini baada ya siku nyingi za kitanda ambazo pengine asingezihitaji. Huwa nawaambia familia kwamba simu ile tumewapa ili itusumbue.

Kusema mapema kuna uzito hata kwenye maisha yenyewe, na hili limepimwa. Katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering jijini New York, watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 766 wenye saratani iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilitibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kundi la pili lilijaza kwenye kompyuta dalili 12 za kawaida, kama kichefuchefu, maumivu, kukosa hamu ya kula na kuishiwa pumzi, na dalili ikizidi taarifa ilimfikia muuguzi. Wauguzi walichukua hatua kwa zaidi ya robo tatu ya taarifa hizo: walipiga simu, walishauri, dawa zikabadilishwa, mgonjwa akaelekezwa anakostahili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kiwango cha kati cha kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, kwa waliokuwa wakiripoti kilikuwa miezi 31.2, na kwa wenzao miezi 26.0. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa pale. Lililoongezwa ni mgonjwa kusema na muuguzi kusikia. Nikisoma matokeo yale huwakumbuka wagonjwa wangu walionijibu "salama tu, sista" huku viatu vimeanza kuwapwaya.

Basi tuambieni. Vidonda mdomoni vinavyofanya mate yaume: tutakuonyesha kusukutua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku na kutumia mswaki laini, na tunayo dawa ya kutia ganzi kabla ya kula. Ganzi ya vidole, vifungo vya shati vikianza kukushinda: baadhi ya dawa huumiza neva, na dozi inaweza kupunguzwa kabla ganzi haijawa ya kudumu. Mkono kuwa mzito baada ya upasuaji wa titi. Choo kigumu. Mizizi na majani unayotumia kando, kwa sababu baadhi yake hugombana na kemo kwenye ini. Nikiuliza sikukamati, nataka kujua kilichomo mwilini. Na tendo la ndoa pia, ambalo watu huona haya kulitaja: ukavu, maumivu, kukosa nguvu, hofu ya mwenza. Anayetaka kuzaa siku za mbele aseme kabla ya dozi ya kwanza, kwani zipo njia za kuhifadhi mbegu au mayai na nyingi zake hazifai tena matibabu yakishaanza.

Familia nayo ina ugonjwa wake. Ombi ninalolipokea mara nyingi hutolewa kwenye korido, kwa kunong'ona: "Sista, tunakuomba, mama asijue." Siwahukumu. Wanampenda, wanadhani neno lenyewe litamwangusha. Nawauliza wanaogopa nini hasa, na mara nyingi jibu ni kwamba hawajui wao watafanya nini mama akianza kulia. Kisha naingia kwa mama. Siku moja nilikuwa nikimfunga kidonda mama wa namna hiyo, tumebaki wawili, akaniuliza bila kuinua macho, "Hii ni saratani, siyo?" Kabla sijajibu akaongeza, "Wanangu usiwaambie kama najua. Watavunjika moyo." Watu waliopendana walikuwa wakiketi chumba kimoja kila jioni, kila upande ukimlinda mwenzake, na kila upande ukiwa peke yake. Nilimwomba ruhusa niwaite. Nilichofanya baada ya hapo ni kidogo: nilimwambia mama awaambie watoto alichoniambia. Walilia wote. Halafu mama akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe juu ya matibabu, na kuyachagua mwenyewe, kama ilivyo haki yake.

Watoto wadogo nao huona mengi kuliko tunavyodhani. Mtoto asiyeambiwa hujitungia sababu, na mara nyingi sababu anayoitunga ni kwamba yeye ndiye aliyekosea. Tunawasaidia wazazi kupata maneno mafupi: ugonjwa unaitwa saratani, hauambukizi kwa kukumbatiana, hukuusababisha wewe, na yuko atakayekuangalia.

Yule anayeuguza tunamfundisha kazi yenyewe, kwa mikono. Kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wake. Kuvaa glavu anapoosha matapishi, mkojo na choo kwa saa 48 baada ya kemo, kwa sababu dawa bado inatoka mwilini. Naye namuuliza, mgonjwa akiwa hatusikii, mara ya mwisho alilala usiku mzima lini. Wengi hulia kwa swali hilo tu.

Niseme juu ya maumivu, kwa sababu hapa ndipo hofu huumiza watu bure. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi jijini London kabla hajawa daktari, aliyaita maumivu ya mgonjwa wa saratani maumivu kamili: ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya roho, yote yakilishana. Mwaka 1967 alifungua kituo cha tiba shufaa cha St Christopher's na kuonyesha kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ikitolewa kwa saa zake, bila kungoja mgonjwa aombe, maumivu yanashikika. Ile ya maji, inayofanya kazi upesi, hutolewa kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, na wagonjwa walio mbali na daktari wakaanza kuipata.

Hata hivyo chupa hubaki kabatini. "Akianza mofini ndiyo mwisho." Hapana. Mofini hufuata maumivu, na wapo wanaoitumia kwa miezi huku wakiendelea na kazi zao, kisha hupunguziwa dozi kidogo kidogo mionzi ikishausinyaza uvimbe. Kusinzia kwa siku za mwanzo huisha. Kufunga choo hakuishi, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile. Mtu anayemeza mofini kwa ajili ya maumivu, kwa dozi aliyopangiwa na kufuatiliwa, ni nadra kugeuka mtumwa wake. Nikiuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, nipe namba ya kweli, usinipe namba ya ushujaa.

Kazi hii haikatiki mgonjwa akifariki. Wiki chache baada ya msiba huwa napiga simu, na mara nyingi nasikia swali ambalo mtu amelala nalo tangu siku ile. Mume mmoja alinijibu vizuri kwa dakika kadhaa, akashukuru, akawa kama anaaga. Kisha akasema, "Sista, ile mofini ya mwisho nilimpa mimi. Saa nne usiku. Alifariki alfajiri." Nikamwambia afungue daftari tulilompa, lile la kuandika dozi. Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Nikamwomba anisomee dozi ya usiku ule, kisha ya wiki iliyotangulia, kisha ya wiki mbili nyuma. Zilikuwa sawa, kwa ujazo na kwa saa. Nikamweleza kwamba mwili uliokwisha kuzoea dozi ile hausimamishwi nayo, kwamba ugonjwa ndio uliomchukua mkewe, na kwamba kutokana na mkono wake alilala bila kuugulia. Alikaa kimya, nami sikukata simu. Baada ya muda akaomba tusome tena ukurasa mmoja zaidi wa nyuma, tukasoma.