Kabla hujanunua winchi, nunua geji ya upepo

Kila masika yakikaribia napigiwa simu ileile, fundi nimeona winchi nzuri Dar, ile mashine ya mbele ya gari inayojivuta kwa waya, niichukue? Na mie nauliza kwanza, gari gani na unakwama wapi? Mana huku Pemba mambo ni mawili tu, tope la mabondeni au mchanga wa pwani, na kote kuwili winchi inakuja mwisho.

Chukua mchanga. Unatoka Konde, unapita msitu wa Ngezi raha mustarehe, unatokea Vumawimbi mchanga laini kama unga, na tairi bado zina upepo wa PSI 35 uliotoka nao Chake. Tairi iliyojaa inachimba, iliyopunguzwa inatandazika kama chapati na gari inapita juu. Shusha mpaka 18, ikikataa 15, ila usikate kona kwa nguvu tairi isije ikachomoka kwenye rimu. Kwa hiyo cha kwanza ni geji, cha pili pampu ya kurudisha upepo kabla hujapanda lami, na ikiwa una Land Cruiser tafuta ile inayobana kwenye betri moja kwa moja, ya kuchomeka tundu la sigara itakuunguzia fyuzi. Cha tatu beleshi la mpini mfupi linaloingia chini ya gari. Zile mbao za plastiki zenye meno nazo nzuri, lakini usizungushe tairi juu yake kwa hasira, meno yanayeyuka. Huna? Makuti yanafaa sana mchangani.

Sasa kamba, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Kulikuwa na Suzuki Escudo pale Vumawimbi, siku ya bamvua, maji yanajaa na kila mtu anapiga kelele, vijana wakaja na amari, kamba ya nanga ya chomboni, wakaifunga kwenye ringi ya nyuma ya Escudo, upande wa pili gari ya jamaa mwengine. Jamaa akaondoka kwa kasi ili aikurupushe. Nilisikia mlio mmoja tu, paa! ringi ikang'oka, ikanipita usawa wa sikio na kuingia kioo cha nyuma cha gari ya jamaa. Wallahi nilikaa chini.

Ile ringi si ya kuvutia gari. Gari zetu zinakuja kwa meli kutoka Japani, na nyingi ya ringi hizo ni za kuifunga gari isiyumbe safarini. Ya kuvutia inakuwa imefungwa kwenye chesisi kwa bolti nene, kama gari yako haina basi itie kabla hujanunua kamba yoyote. Na kile kichwa cha mviringo cha trela usikiguse kabisa, kikikatika ni risasi, kimeshaua watu.

Kamba yenyewe ziko aina mbili. Ya nailoni inavutika asilimia 20 mpaka 30, inaweka nguvu halafu inairudisha polepole, hii ndiyo ya kukurupushia. Mkanda wa poliesta hauvutiki, huo ni wa kuburura gari taratibu, ukiukurupusha unavunja kitu. Nguvu ya kukatika iwe mara mbili mpaka tatu ya uzito wa gari, Escudo na mizigo yake chukulia tani 2, kamba ya tani 5 au 6 inatosha. Usinunue ya tani 15 ukadhani ndio usalama, kwa gari nyepesi haitavutika, itakuwa sawa na mnyororo. Na muuzaji akikwambia hii nailoni, kata kipande ukitie kwenye ndoo ya maji. Ikielea si nailoni, ni ile ya plastiki ya wavuvi, na jua linaila. Ukishatumia ioshe kwa maji ya mfereji, ianike kivulini, mana chembe za mchanga zikibaki ndani zinakata nyuzi kidogokidogo.

Pingu za chuma za kuungia ziwe zimechongwa uzito wake, ya inchi robo tatu huwa imeandikwa 4.75T. Isiyo na maandishi fungia mbuzi. Na kabla ya kuvuta tupia kitu kizito katikati ya kamba, hata guo zito lililorowa, na watu wakae mbali.

Winchi ni ya anayetembea peke yake. Nguvu yake iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari na mizigo, na ununue kapi pamoja nayo, inapunguza mzigo karibu nusu ingawa mwendo unakuwa wa kobe. Ila utaifunga wapi? Mnazi wa ufukweni ulioliwa na bahari mizizi nje utakuja nao. Mkarafuu ndio usithubutu, ukiuchubua gome mwenyewe atakutoa roho kabla ya tope.

Ile Escudo tuliitoa vipi? Upepo 15, beleshi, makuti manne, ikapanda yenyewe maji yashagusa bampa. Kioo cha jamaa tulichanga.