Je, wajua kwa nini tai-nyoka wa Madagaska alidhaniwa ametoweka?

Anayemtafuta tai huinua macho angani. Lakini katika misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, yupo tai ambaye kwa njia hiyo hutampata hata ukae mwaka mzima. Ni tai-nyoka wa Madagaska, Eutriorchis astur kwa jina la kisayansi.

Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1875. Baada ya kielelezo, yaani ndege wa kuhifadhiwa kwa uchunguzi, kilichokusanywa mwaka 1930, ukapita ukimya mrefu, na wengi wakaamini amekwisha. Mwaka 1990 ukapatikana mzoga, na mwaka 1993 watafiti wa The Peregrine Fund, shirika la kuhifadhi ndege wawindaji, wakamkuta akiwa hai katika rasi ya Masoala, kaskazini-mashariki mwa kisiwa.

Miaka yote hiyo alikuwa mle mle msituni. Mbawa zake ni fupi na za mviringo, mkia ni mrefu. Ndilo umbo la ndege wa kupenya baina ya matawi. Hana desturi ya kuzunguka juu ya msitu kama tai wengine. Hutulia kivulini, rangi yake ya kahawia na michirizi ya kifuani ikimficha, akivizia. Kinachomfichua ni sauti: mlio mzito unaorudiwarudiwa, ambao mgeni angedhani ni wa chura. Wa kumtafuta, basi, ni sikio kwanza, jicho baadaye.

Hata jina lake linapotosha. Kiota kilipochunguzwa mwaka 1997, mawindo mengi yaliyoletwa yalikuwa vinyonga na mijusi kafiri wenye mikia kama majani, si nyoka. Tena uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba tai-nyoka wa kweli si ndugu zake wa karibu. Ukoo wake ni mmoja na yule tumbusi mweupe mla chikichi anayeonekana Pemba! Mimi jambo hili bado linanistaajabisha.

Hutaga yai moja tu. Hifadhi ya Taifa ya Masoala ilianzishwa mwaka huohuo wa 1997, lakini nje ya mipaka yake msitu unaendelea kukatwa na kuchomwa ili kulima mpunga wa milimani, kilimo ambacho wenyeji hukiita tavy. Palipofyekwa hivyo hapana kivuli cha kuvizia, wala kinyonga wa kuwindwa.