Piramidi ya picha: kinachofanya ramani kubwa ya droni ifunguke haraka kwenye seva

Piramidi ya picha ni mfululizo wa nakala za picha moja, kila nakala ikiwa na nusu ya upana na nusu ya urefu wa ile iliyotangulia, zote zikikaa ndani ya faili moja au kando yake. Seva ya ramani ikiombwa kuonyesha eneo zima huchukua nakala ndogo. Ikiombwa kuonyesha paa la nyumba moja hurudi kwenye picha kamili. Ni hilo tu, lakini ukilikosa, hata seva ya bei kali itahema.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Dar es Salaam. Droni imerushwa juu ya Bonde la Msimbazi, pande za Jangwani na Kigogo, na picha zake zimeunganishwa kuwa moja ya kilomita 4 kwa 4, kila pikseli ikiwa sentimita 5 za ardhi. Mita 4,000 gawanya kwa 0.05, unapata pikseli 80,000 kila upande, yaani pikseli bilioni 6.4. Kila pikseli ina baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, hivyo picha ghafi ni GB 19.2. Simu ya mtu aliyeko Magomeni ina kioo cha pikseli elfu moja hivi kwa upana. Seva inatakiwa ichote kutoka kwenye hizo GB 19.2 kile kinachoenea kiooni, na ikitume kabla mtu hajakata tamaa akafunga ukurasa.

Ugumu unaanzia kwenye mpangilio wa faili lenyewe la TIFF, aina ya faili inayotumika sana kuhifadhi picha za ramani. Usipotoa maelekezo, programu nyingi huandika picha mstari kwa mstari, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Mkeka unavyoshonwa ukili mmoja baada ya mwingine, ndivyo faili hili lilivyo: ukitaka ua dogo lililo katikati, unavuta kila ukili unaolipitia kwa urefu wake wote. Mstari mmoja wa picha yetu una pikseli 80,000, sawa na KB 240. Ramani za kwenye kivinjari huomba picha kwa vipande vya 256 kwa 256, na kila kipande hugusa mistari 256. Hiyo ni MB 61 za kusomwa kwenye diski ili kutoa kipande ambacho chenyewe hakifiki KB 200. Kioo kikihitaji vipande 20, hesabu inapita GB 1, labda baadhi ya mistari iwe bado imo kwenye memori. Na huyo ni mtumiaji mmoja, aliyesogeza ramani mara moja.

Dawa ya kwanza ni vigae. Picha hukatwa ndani ya faili kuwa miraba, kwa kawaida ya pikseli 512 kwa 512, na kila mraba huhifadhiwa peke yake. Kipande kile kile cha 256 sasa kinagusa kigae kimoja, au vinne kikiangukia kwenye makutano. Kigae kimoja bila mgandamizo, yaani bila kubanwa ili kipungue ukubwa, ni KB 786 hivi. Kutoka MB 61 tumeshuka hadi MB 3 kwa hali mbaya kabisa.

Hapa ndipo wengi huishia, wakidhani kazi imekwisha, kwa sababu ukikuza ramani hadi kwenye nyumba inafunguka vizuri. Irudishe nyuma uone bonde zima, inakwama. Vigae humsaidia anayetazama karibu. Anayetazama kwa mbali huhitaji vigae vyote vya picha, na hapo umerudi kwenye GB 19.2. Huyu wa mbali ndiye anayehitaji piramidi. Nakala zitakuwa za pikseli 40,000, kisha 20,000, 10,000, 5,000, 2,500, 1,250, 625, hadi ipatikane ndogo kuliko kigae kimoja. Kuonyesha bonde zima kwenye kioo cha pikseli 1,000, seva huchukua ile ya 1,250, ambayo haifiki MB 5. Gharama yake? Robo ya picha, jumlisha robo ya robo, na kuendelea: jumla ni theluthi moja ya ziada. Kwetu ni GB 6.4 kabla ya mgandamizo. Ni bei nafuu kuliko kununua seva nyingine, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ambayo watu huikimbilia.

Kabla ya kufanya lolote, lipime faili ulilopewa kwa gdalinfo, mojawapo ya amri za GDAL, programu huria ya kushughulikia picha za ramani:

gdalinfo ghafi.tif

Tafuta neno Block. Ukiona Block=80000x1, ni faili la mistari. Ukiona Block=512x512, lina vigae. Kama hakuna mstari wenye neno Overviews, halina piramidi. Mistari hiyo miwili ya gdalinfo hueleza sehemu kubwa ya malalamiko ya "seva yetu iko slo".

Tangu GDAL 3.1, amri moja hufanya kazi yote na kutoa TIFF iliyopangwa kwa ajili ya mtandao, inayojulikana kwa kifupi COG (Cloud Optimized GeoTIFF):

gdal_translate -of COG -b 1 -b 2 -b 3 -mask 4 -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 -co BLOCKSIZE=512 -co OVERVIEWS=IGNORE_EXISTING -co OVERVIEW_RESAMPLING=AVERAGE -co BIGTIFF=IF_SAFER -co NUM_THREADS=ALL_CPUS ghafi.tif msimbazi_muda.tif

Inaonekana ndefu, lakini kila kipande kimo kwa sababu ya kosa fulani. BIGTIFF ipo kwa kuwa TIFF ya kawaida haivuki GB 4. Bila hiyo, kazi inaweza kukimbia saa nzima ikafia njiani kwa ujumbe kwamba ukubwa wa juu wa faili umepitwa. IGNORE_EXISTING ipo kwa ajili ya piramidi kuukuu: mtu akirekebisha picha ambayo tayari ina piramidi, nakala ndogo hubaki na sura ya zamani. Ukiikuza ramani unaona daraja jipya, ukirudi nyuma daraja limetoweka. Watu wameshalaumu kivinjari kwa kosa hili kwa siku nzima.

Kipande cha -mask 4 kinahusu kingo. Picha ya droni si mraba safi. Pembeni kuna eneo tupu, na picha nyingi hubeba chaneli ya nne inayosema wapi ni tupu. Ukiiacha chaneli hiyo na kuiambia seva tu kwamba nyeusi, yaani sifuri, ni tupu, mgandamizo wa JPEG utakuumbua: hauhifadhi namba kamili, hivyo sifuri za ukingoni hugeuka 1, 2 au 3, na ramani inazungukwa na pindo la madoa meusi kama masizi. Kwa -mask, chaneli hiyo hugeuzwa barakoa inayohifadhiwa kando bila kuguswa na JPEG, na ukingo unatoka safi.

JPEG yenyewe ni ya picha za macho tu. Usiitumie kwa data ya mwinuko wa ardhi itakayoingia kwenye hesabu za mafuriko. Hapo weka DEFLATE au ZSTD, aina za mgandamizo ambazo hazipotezi kitu. Na AVERAGE nayo ina mipaka yake. Kwenye picha, wastani wa pikseli nne ni rangi ya katikati, na jicho linaridhika. Kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, ambamo 2 ni maji, 4 ni shamba na 6 ni nyumba, wastani wa maji na nyumba unakupa shamba katikati ya Kariakoo. Kwa data ya namba za makundi tumia NEAREST, inayochukua pikseli iliyo karibu, au MODE, inayochukua namba iliyojirudia zaidi.

Acha nafasi ya kutosha kwenye diski, maana wakati wa kazi kuna mafaili ya muda pia. Jina msimbazi_muda.tif lina sababu yake: umeme ukikatika katikati, kitakachobaki ni faili nusu, na kama uliandika juu ya jina linalosomwa na seva, ramani inaharibika mbele ya watu. Maliza kwanza, pima kwa gdalinfo (tafuta LAYOUT=COG), ndipo ubadilishe jina.

Koodineti zina mitego miwili. Katika UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda, Dar es Salaam iko kanda ya 37 kusini, na msimbo wa mfumo huo wa koodineti ni EPSG:32737. Ukikosea ukaandika 32637, ya kaskazini, bonde lako litakwenda kuelea Bahari ya Aktiki, nyuzi 83 kaskazini. Hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni ramani za zamani za Tanzania zilizochorwa kwa Arc 1960, msingi wa vipimo wa zamani, msimbo 21037: ukizichukulia kama za WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS, zinahama mamia ya mita, umbali unaotosha kuuhamisha mto na usiotosha kumshtua mgeni wa mji. Mtego wa pili uko kwenye ombi lenyewe. Toleo la 1.3.0 la WMS, itifaki ya kuiomba seva picha ya ramani, likitumia EPSG:4326, yaani koodineti za nyuzi, hutaka latitudo itangulie longitudo, kinyume na mazoea ya toleo la 1.1.1. Ukizipindua, unaiomba seva eneo lililo mpakani mwa Hispania na Ureno, nayo kwa adabu zote inakurudishia picha nyeupe bila kosa lolote.

Kama picha imekuja vipande mia sita badala ya moja, unaweza kuviunganisha kwa gdalbuildvrt bila kunakili data. Ila kumbuka kwamba kila kipande kuwa na piramidi yake hakutoshi: anayetazama mji mzima bado atailazimisha seva kufungua mafaili mia sita. Jenga piramidi ya mkusanyiko wote kwa gdaladdo juu ya faili la VRT lililotolewa na gdalbuildvrt. GeoServer na MapServer, programu mbili za seva ya ramani, zote hulisoma faili la COG, na kwa GeoServer mkusanyiko unaweza pia kupitia ImageMosaic, sehemu yake ya kuunganisha picha nyingi.

Muundo wa jibu nao upangwe. Seva nyingi zinakubali PNG na JPEG. Kwa picha ya angani, PNG huwa nzito mara kadhaa kuliko JPEG, na anayelipa ni mwenye bando. PNG iachwe kwa matabaka yanayohitaji uwazi, kama mipaka ya mitaa.

Mwisho ni akiba ya vigae vilivyokwisha kuchorwa (safari hii ni vile vipande vya 256 vinavyoombwa na kivinjari), kazi ya programu kama GeoWebCache au MapProxy. Ushauri wa kuchora vyote mapema usiupokee kabla ya kupiga hesabu. Eneo letu la kilomita 4 kwa 4, katika ngazi ya 17 ya kukuza ramani, lina vigae wastani wa 200. Kila ngazi huzidisha mara nne; ngazi ya 22 peke yake inadai zaidi ya 170,000, vingi vyake vya matope na mabati ambayo hakuna atakayeyatazama. Chora mapema hadi ngazi ya 18, zilizobaki zichorwe zinapoombwa. Kwa faili lenye vigae na piramidi, kuchora papo hapo si mzigo. Na siku utakapoweka picha mpya baada ya masika, futa akiba ya tabaka hilo, la sivyo watu wataendelea kuuona mto wa mwaka jana.