Mimba Zimetoka Mara Mbili, Tatu? Njooni Kiliniki Kabla ya Kushika Nyingine

Katika kiliniki ya wajawazito hapa Lamu, mara nyingi anayechelewa kufika ndiye aliyekuwa na haja ya kuwahi kuliko wote. Ameshapoteza mimba, anaogopa kijicho, hataki hata kuhesabu miezi, basi anangoja mpaka tumbo lionekane. Akifika mwezi wa sita, mengi ambayo tungemfanyia yameshapitwa na wakati.

Chukueni mfano wa mume na mke wa Faza, mvuvi na mshona kofia. Nimewaunga kutokana na wengi tunaowahudumia. Mimba tatu, mtoto hakuna. Ya kwanza ilitoka mwezi wa pili, mbili zilizofuata zikafika mwezi wa tano. Nyumbani zote huhesabiwa jambo moja, na mavyaa ameshakata shauri kwamba kizazi cha mkaza mwana hakishiki.

Kwetu sisi hayo ni mambo mawili. Mimba ikitoka kabla ya wiki 12, mara nyingi ni kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa wazazi, iliyotokea mwanzo kabisa. Haikuletwa na kubeba ndoo wala kugombana na jirani. Na kromosomu hutoka kwa wote wawili, kwa hiyo lawama ya mavyaa haina pa kusimama.

Zile za mwezi wa tano ndizo za kuulizwa kwa kirefu. Uchungu ulianza lini? Mke anajibu kwamba hakuumwa. Alihisi uzito chini, ute ukazidi, akaenda msalani maji yakamtoka, na mtoto akafuata muda si mrefu. Mume, aliyekuwa kimya, anadakia: “Na ya tatu ilikuwa vivyo hivyo, daktari.” Maneno hayo yanatufaa kuliko vipimo vingi vya maabara. Yanaonyesha kwamba huenda mlango wa kizazi unafunguka wenyewe kabla ya wakati, na dawa yake ni kuushona uzi, kwa kawaida kati ya wiki ya 12 na ya 14. Ndiyo maana twataka waje wawili, tena kabla ya mimba. Mume hukumbuka ambayo mke ameyasahau kwa majonzi.

Si kila aliyepoteza mimba hushonwa. Wengine wana ugonjwa wa damu kuganda, nao hupewa aspirini ya kiwango kidogo na sindano za heparini. Wengine ni sukari, thairoidi (tezi ya shingoni) au kaswende, ambayo hutibiwa kwa penisilini, mume naye akitibiwa. Aliyewahi kupata presha ya mimba huenda akaanzishiwa aspirini kuanzia wiki ya 12, lakini kwa kuandikiwa na daktari. Msijinunulie dukani. Mwenye damu ya kundi la hasi (rhesus hasi) aliyetokwa na mimba aulize mapema kuhusu sindano ya kinga, ambayo hutolewa ndani ya saa 72. Na huku pwani malaria ipo, basi vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, humezwa kliniki kila mwezi kuanzia wiki ya 13, na chandarua kila usiku.

Kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani) na dua sina ugomvi nazo. Ninachokataza ni kukandwa tumbo, na dawa za miti ambazo hata anayezichemsha hajui kipimo chake.

Bwana naye ana kazi kubwa. Kutoka Faza hadi Amu, yaani mji wa Lamu, ni bahari, na kusi ikivuma si kila chombo hutoka. Patana na nahodha mapema, weka fedha ya mafuta kando, tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Wiki za mwisho mke akae Amu kwa jamaa, karibu na hospitali. Akiona damu, maji yakimtoka, kichwa kikimuuma bila kutulia, macho yakiona vimulimuli, au mtoto akipunguza kucheza, aje siku hiyo hiyo. Msingoje mashua ya kesho.

Aliyeshonwa hutolewa uzi wiki ya 36 au 37. Uchungu ukianza kabla ya hapo, yeyote atakayewapokea, hata kama ni usiku kwenye zahanati, aambiwe kwanza kwamba kuna uzi. Ukiachwa ndani huku mtoto anashuka, mlango wa kizazi huweza kuchanika.