Maji Yapimwe Kabla Mgodi wa Makaa ya Mawe Haujafunguliwa

Mgodi wa makaa ya mawe ukilaumiwa kwa kuharibu maji, swali la kwanza litakaloulizwa ni: maji hayo yalikuwaje zamani? Asiye na jibu la maandishi, lenye tarehe na muhuri wa maabara, hana kesi. Ndiyo maana sisi tunaopima maji hapa Nairobi tunasisitiza kazi ianze kabla ya shimo la kwanza. Wanaohusika zaidi ni wakazi wa bonde la Mui, kaunti ya Kitui, ambako makaa yaligunduliwa na eneo likagawanywa vitalu vinne. Visima vingi vya Kitui vina chumvi kwa asili. Bila vipimo vya awali, kampuni itasema chumvi yote ilikuwapo, mkazi atasema yote imeletwa na mgodi, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Vipimo hivyo vichukue angalau mwaka mzima. Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa, kwa hiyo mwaka usio na vipimo vya Novemba na Desemba una pengo kubwa. Na visipimwe visima vya pampu pekee. Mashimo yanayochimbwa kwenye mchanga wa mito mikavu ndiyo yanayonywesha watu wengi na mifugo yao.

Hatari yenyewe hutokana na pairiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka. Yakiwa chini ya maji, mbali na hewa, hayana neno. Mgodi ukichimbwa, maji hupampiwa nje, hewa huingia, na pairiti ikikutana na oksijeni na unyevu hutoa asidi ya salfa. Asidi hiyo huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu kutoka kwenye mwamba. Maji yakitokea juu, chuma huganda kwenye mawe ya mto kama tope la rangi ya kutu.

Wengi hutazama pH peke yake, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, na hapo ndipo wanapopotea. Penye mwamba wa chokaa asidi hupoozwa njiani na pH hubaki karibu na 7, ilhali salfeti, mabaki ya asidi ya salfa ndani ya maji, inaendelea kupanda. Tuseme kisima kilikuwa na miligramu 30 za salfeti kwa lita, kikafika 60, kisha 110. Maji bado hayajabadilika ladha, maana ulimi huanza kuitambua salfeti kuanzia miligramu 250 hivi, lakini tayari kuna jambo la kuchunguzwa. Pamoja na salfeti pima pH, upitishaji umeme (unaoonyesha wingi wa chumvi), alkali (uwezo wa maji kupooza asidi), chuma, manganizi, aluminiamu, floridi na aseniki. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa floridi na 0.01 kwa aseniki.

Sampuli ikichukuliwa vibaya, hata maabara iwe nzuri kiasi gani haitaiokoa. Maji yaliyotulia ndani ya bomba la kisima si maji ya mwambani: gesi zimetoka, chuma kimetua chini, kutu ya bomba imeingia. Yatoe kwanza, mara tatu ya ujazo wake. Bomba la inchi 6 lenye maji ya kimo cha mita 40 hubeba takriban lita 730, hivyo pampu itoe karibu lita 2,200, na vipimo vya pH na upitishaji umeme viwe vimetulia kabla ya kujaza chupa. pH ipimwe papo hapo, kwa kifaa kilichosawazishwa asubuhi hiyo, kwa sababu kaboni dioksidi ikitoroka pH hupanda.

Maji ya chupa ya kupimia metali, kama chuma na manganizi, yapitishwe kwenye chujio la maikromita 0.45, kisha yatiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Hatua hii ikirukwa, chuma hugandana kwenye kuta za chupa na ripoti husema maji ni safi. Chupa ya salfeti haitiwi asidi. Huwekwa kwenye barafu, takriban nyuzi 4, na ipimwe ndani ya siku 28. Kwa kila sampuli kumi, moja ichukuliwe mara mbili, na chupa moja ya maji safi ya maabara isafiri pamoja nazo hadi kisimani na kurudi. Maji hayo yakikutwa na chuma, uchafu umetoka kwetu.

Kina cha maji nacho kipimwe, asubuhi kabla pampu haijawashwa, kuanzia alama ileile mdomoni mwa kisima. Paa la mgodi likiporomoka, nyufa hupanda juu, na kisima kinaweza kukauka bila maji yake kuchafuka hata siku moja.

Kufungwa kwa mgodi hakumalizi kazi. Pampu zikizimwa, maji hupanda polepole, pengine kwa miaka mingi, yakisomba chumvi zilizojengeka kwenye kuta za mgodi. Januari 2012, mji wa Carolina katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, ulikosa maji ya kunywa baada ya mvua kubwa kusukuma maji yenye asidi kutoka maeneo ya migodi ya makaa hadi kwenye bwawa lake. Kwa hiyo ripoti ya tathmini ya mazingira ikifika kwenye kikao cha maoni ya umma, tafuta ukurasa unaosema visima gani vitapimwa baada ya mgodi kufungwa, kwa miaka mingapi, nani atalipa, na matokeo yatabandikwa wapi.