Noti, tablacha na kodi: karatasi ya gitaa inasomwaje

Ukiingia na gitaa lako kwenye kundi la taarab hapa Unguja, na kundi lenyewe likawa linasoma noti, utapewa karatasi ile ile ya mpiga fidla: mistari mitano, ufunguo wa sol, hakuna zaidi. Hakuna tablacha. Aliyejifunzia tablacha za kwenye simu peke yake hukwama hapo hapo.

Tablacha yenyewe si mbaya. Ni mistari sita, kila mmoja uzi. Wa juu kabisa ni uzi wa 1, ule mwembamba, ingawa ukilipakata gitaa uzi huo uko chini. Ndiyo maana wanaoanza huisoma juu chini. Namba ni freti (kigawanyo kwenye shingo ya gitaa) ya kubana, 0 ni uzi usiobanwa, na namba zilizopandana hupigwa kwa pamoja. Kasoro ni kwamba nyingi za mtandaoni hazisemi sauti idumu kwa muda gani. Wimbo usioujua kwa sikio hutautoa humo.

Mchoro wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni kitu kingine. Nyuzi zimesimama wima, kushoto uzi wa 6. X usiupige, O uache wazi. C ni X 3 2 0 1 0.

Noti ndizo zenye kazi. Anza na nyuzi zisizobanwa. E ya uzi wa 6 iko chini ya kistari cha tatu cha nyongeza (vistari vifupi vinavyoongezwa chini ya mistari mitano), A ya uzi wa 5 imekatwa na kistari cha pili cha nyongeza, D imening'inia chini ya mistari mitano, G mstari wa pili kutoka chini, B mstari wa kati, na E ya uzi wa 1 nafasi ya juu. Tabu ni kwamba noti moja ina makao mengi. E hiyo ya juu unaipata pia uzi wa 2 freti ya 5, au uzi wa 3 freti ya 9. Namba ndani ya duara hutaja uzi, namba tupu kidole cha kushoto, na za Kirumi hutaja freti ya kuweka kidole cha kwanza. Zisipokuwepo, ziandike mwenyewe kwa penseli kabla ya mazoezi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: gitaa hulia oktavi moja (noti ya jina lile lile, freti 12 chini) chini ya kilichoandikwa. Fidla haifanyi hivyo. A ya nafasi ya pili, ukiisoma kigitaa, ni uzi wa 3 freti ya 2. Ukitaka kulingana na fidla hasa, nenda uzi wa 1 freti ya 5. Muulize kiongozi anataka ipi. Mimi hupenda ya chini, maana juu fidla zimeshajaa.

Bayati, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ikianzia D ndiyo inayoumbua freti. Mwanzo wa karatasi utaona flati (alama ya kushusha noti freti moja) ya B, na kwenye E flati iliyokatwa kistari: sauti iliyo katikati ya E flati na E. Gitaa halina freti hiyo. Unabana E flati na kuuvuta uzi hadi nusu ya safari. Usifanye hivyo uzi wa 4 freti ya 1. Karibu na kichwa uzi ni mgumu na utaishia kupiga sauti pungufu. Tumia uzi wa 5 freti ya 6. Kwenye programu ya kutyuni ni kama senti 50 (senti 100 ni freti moja) juu ya E flati, lakini mwamuzi ni udi na fidla za kundi lako. Zikikaa chini kidogo, zifuate.

Na mtu akikuandikia kodi juu ya bayati hiyo, Dm na Gm hazigombani na mtu. C, Am na Em zote zina E kamili ndani yake, itagongana na fidla. Zikate, au piga sauti mbili tu: C na G, A na C, G na B flati.