Mionzi ya eksirei haibaki mwilini

Wapo wanaoamini kwamba ukishapigwa eksirei, mionzi hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo ni heri usimbebe mtoto. Si kweli. Mashine ile ni kama taa: ikizimwa, hakuna mwanga unaobaki chumbani. Kinachoweza kubaki ni majeraha madogo kwenye DNA ya seli, na mengi yake mwili huyatengeneza wenyewe.

Mbona basi mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi, yanayozuia mionzi? Wewe unapigwa mara moja. Yeye angepigwa kutwa, mwaka mzima. Kikomo chake kimataifa ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 20 kwa mwaka. Picha ya kifua ni kama 0.1 au pungufu, ilhali mionzi ya asili, ikiwemo ya gesi ya radoni itokayo ardhini, humpa mtu wastani wa 2.4 kila mwaka. Picha ya CT ya tumbo, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, ndiyo ya kuulizia kama ni ya lazima, maana hukaribia 10.

Aliyedungwa dawa ya mionzi, mfano teknesiamu-99m, huyo kweli hutoa mionzi kwa muda. Nguvu ya teknesiamu hiyo hupungua nusu kila baada ya saa 6.